Vidonge vya Mke na Mume

Jumatatu, 4 Machi
Mama Hesabu, mtakwimu wetu, leo kanisifu mbele ya daktari. Utafiti wa dawa ya magoti ulihitaji watu mia tatu – nusu wanameza dawa, nusu vidonge vitupu, na hakuna anayejua kapewa kipi. Aliyewaleta wengi wao ni mimi. "Mzee wa kazi!" Nikavimba kichwa. Ujanja wangu: nikimwandikisha mke, namalizia na mume. Safari moja, wawili kibindoni!

Jumatano, 6 Machi
Nimepita kwa dada. Nikamkuta shemeji anameza kidonge cha dada. Wala hakuficha! Vyangu unga mtupu, anasema, vya dada yako ndiyo mambo. Dada naye: nipone peke yangu, mume wangu achechemee? Tunagawana. Tukacheka. Kisha nikaandika kwenye fomu kwamba kila mmoja anameza vyake. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Hesabu kanuna. Matokeo ya makundi mawili yanakaribia kulingana. Kamati ya utafiti ikikaa wiki ijayo itaufunga – dawa haifai, kwaheri. Mia tatu ilitosha kabisa kuona tofauti, anasema, sijui nilikosea wapi. Anajilaumu yeye! Chai ikanipalia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwambia yote. Akauliza tu: wanandoa wako wangapi? Nusu ya niliowaleta, mama. Akashika kichwa. "Baba wewe! Umemimina chai kwenye maji, halafu mimi niseme kipi kina majani?" Nikasema nitaongeza watu wengine. Akaniwakia: ukiongeza watu juu ya uongo, uongo unanenepa. Nenda nyumba kwa nyumba, usimkaripie mtu, niletee ukweli. Kazi yangu itajadiliwa baadaye. Sawa. Sina wasiwasi – hodi yangu wanaijua, watasema.

Jumatatu, 11 Machi
Wamesema kweli! Dada ndiye alianza, tena kwa kucheka. Ila kwa fundi cherehani mstaafu… Mkewe: hapa kila mtu na vyake, andika. Mzee nyuma yake ananitikisia kichwa. Nikamuuliza wazi. Akakiri – alipoona vyake vinamfaa, akawa anavihamishia kwenye kikopo cha mkewe. Mama wa watu kamgeukia. "Kumbe kupona kwa magoti yangu haya ni wewe?"
Nimewapisha. Nimekaa kwenye ngazi yao, naandika. Sasa mzee ananiita: mwanangu, njoo. Nitakueleza kila kitu, ila niambie kwanza – ukishaandika, kesho mke wangu atameza nini?
Nakuja, mzee –