Friji Lililokausha Karafuu

Mjukuu wangu Salim,

Assalamu alaykum. Huku Wawi sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila ulimi ungali na nguvu zake.

Umeniuliza ununulie ofisi friji lipi, kubwa la mtumba au dogo jipya. Umemuuliza mjuzi! Skuli niliiacha mapema, lakini Dubai nimefika. Huko ndiko nilikonunua friji la mtumba, refu kunipita, nikalisimamisha sebuleni mtaa mzima uje kulishangaa.

Mwaka huo mvua ilitukamata na karafuu mbichi. Jua la kuanikia hakuna, zimeanza kunuka uvundo, na ndizo za kununulia sare za skuli za baba yako. Bibi yako akazipeleka nyuma ya friji na jamvi lake. Nikamcheka mpaka nikakaa chini.

Siku si nyingi akanitia karafuu kiganjani. Kavu, inavunjika ka!

"Mume wangu," akasema, "umetuletea friji au tanuri?"

Nikapeleka mkono nyuma: moto! Nikafungua mlango: maji vuguvugu. Nimesimama hivyo hivyo, nyumba ikazima. Umeme tuliolipia wa mwezi mzima, lishaula wote!

Basi wewe usidanganywe na urefu. Soma kibandiko kinachosema linakula umeme kiasi gani, kisha liwashwe, unywe chai, upeleke mkono nyuma. Likikuunguza, mwachie mwenye karafuu.

Ni mimi babu yako. Letu bado lipo sebuleni, bibi yako hutia kanga zake humo. Kabati la Dubai, nani mwengine analo?