Gemu la Bwana Haraka

Jumapili, 2 Machi

Kesho narudi baharini. Leo nilipita kwa dada kuaga. Nikamkuta shemeji sebuleni, runinga imewashwa, gemu la mpira liko tayari, timu zetu zilezile. Tucheze, akasema. Dada akanitupia jicho — usikatae.

Vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjiki. Ngozi imevuta, inang'aa. Padi ya gemu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Akacheka! Eti leo utanifunga mpaka ukinai. Nikafunga bao moja, nikasingizia tumbo, nikaenda chooni kuuma kola ya shati.

Huyu alikuwa ananichapa mabao huku anakula! Tena anatafuna kwa makusudi, nimsikie.

Ripoti ya ajali iliyomuunguza kule rigini, kwenye mtambo wetu wa gesi baharini, inasema "uzembe wa mfanyakazi". Barua ya kufukuzwa ilimkuta bado na bandeji, dada akamsomea. Na bosi wa zamu, Bwana Haraka, amepandishwa cheo.

Nitamkomesha. Namna nimeshaipata.

Jumanne, 4 Machi

Rigi ileile. Kelele ileile. Helikopta imetutapika jana, nikapewa kitanda cha juu, nikapanda kwenye kreni yangu.

Kutoka kule juu siku ile ya ajali sikuona kitu, matangi yanaziba. Ila redio ilikuwa sikioni. Nilimsikia shemeji: bosi, kipima gesi kinalia huku. Nikamsikia Bwana Haraka: hicho kinalia ovyo kila siku, wewe fungua hiyo vali, tumechelewa. Shemeji akarudia: kinalia kweli. Akajibiwa: fungua! Halafu moto.

Wachunguzi walipokuja, Bwana Haraka akasema alikuwa ofisini kwake, redio iko kwenye chaji, hajatoa amri yoyote. Nikawaambia nilichosikia. Wakaniuliza, majeruhi ni nani yako? Mume wa dada yangu. Basi. Wakafunga kalamu zao. Na shemeji mwenyewe hakumbuki chochote baada ya chai ya asubuhi.

Leo Bwana Haraka, masharubu yake kayachana, kanipiga bega. "Mtu wa kreni! Kazi iende!" Nikautazama ule mkono wake. Mzima. Vidole vyote vinakunjika, vinakunjuka.

Nikacheka naye. Nimejifunza kucheka naye.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa usalama. Ofisa usalama wetu ni Mama Filimbi — hiyo filimbi haitoki shingoni hata akienda kula. Slaidi zilezile: vaa helmeti, shika reli ya ngazi. Mpishi akakoroma, tena kwa sauti. Mama akapuliza filimbi, mpishi akainuka anauliza moto uko wapi.

Baadaye nikamkuta ofisini peke yake, ameshika tama. Anasema watu hawamsikilizi mpaka aumie mtu. Nikamwambia, mama, nina kitu, nikafungua laptopu.

Gemu langu. Nimelitengeneza miezi yote shemeji alipokuwa hospitali, nimeketi pembeni ya kitanda chake. Wewe ni mfanyakazi, uko mbele ya vali. Kipima gesi kinalia. Kwenye redio bosi, sura yake pembeni ya skrini, anakwambia endelea, tumechelewa. Ukimtii, skrini nzima inawaka na unasikia mtu anaita mkewe. Ukisimamisha kazi, unatukanwa, lakini jioni unapanda helikopta kurudi kwenu.

Mama Filimbi akacheza. Akaungua! Yeye! Akavua miwani. "Nilijua kabisa nisifungue. Ila hiyo sauti, mwanangu. Inakusukuma."

Akavaa miwani tena. Halafu: "Hayo masharubu ya bosi uyatoe."

"Masharubu gani, mama?"

"Unayajua."

Nikayatoa palepale. Akasema wageni wa makao makuu watakuja kukagua rigi, tutawaonyesha. Akaniuliza: hili ni kwa ajili ya usalama, sivyo? Nikamwambia ndiyo, mama. Ulimi haukunikwama hata kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Rigi nzima inacheza! Chumba cha mapumziko kimejaa, watu wanasahau hata kuvua ovaroli. Wachomeleaji wameungua. Fundi umeme kaungua mara tatu, anadai padi ni mbovu. Mpishi kasimamisha kazi mara ya kwanza, sasa hatupumui kwa majigambo yake.

Na wanaanza kusema. Polepole, kwa pembeni. Mmoja kaniambia ile sauti ya bosi anaifahamu. Nikamwambia sauti nimerekodi mwenyewe puani. Akasema ndiyo, lakini maneno anayafahamu.

Bwana Haraka hajacheza. Anapita mlangoni anasema, michezo ya watoto hiyo. Leo nimemfuata kantini, nikamnyenyekea mpaka nikajichukia: bosi, wageni wakija itapendeza waone kiongozi ndiye anaonyesha mfano. Akapanda kama andazi! Akafuta masharubu. "Hilo umesema jambo."

Ataungua. Ataungua mbele ya wakubwa wake, kwa tabia yake mwenyewe. Yule hajawahi kusimamisha kazi tangu azaliwe. Nataka nimwone uso wakati skrini inawaka. Nataka asikie yule mtu anaita mkewe.

Alhamisi, 13 Machi

Dada kapiga simu; juzi nilimwandikia habari za gemu. Shemeji kamtuma: mwambie mdogo wako aachane na yule mtu, atapoteza kazi. Nikamuuliza, wewe mwenyewe umemsamehe? Nikasikia anafunga mlango. Halafu: "Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Usiniulize hilo."

Sijamuuliza tena.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeketi kwenye benchi la korido, nje ya ofisi kuu. Naandikia gotini, mwandiko kama wa kuku. Niandike haraka kabla sijaitwa tena.

Wageni wamefika asubuhi. Wanaume wawili na mama mmoja, mkubwa wao, anachechemea — viatu vya usalama vipya vimemchubua. Ameketi mstari wa mbele, kavua kimoja bila aibu. Bwana Haraka akasimama mbele ya skrini, akashika padi, akatabasamu kama bwana harusi.

Kipima gesi kikalia. Sauti ya bosi ikatoka: endelea, tumechelewa. Nikasogea ili nimwone uso vizuri.

Akasimamisha kazi.

Mara moja tu, bila kusita! Akafunga njia ya gesi, akawaondoa watu, akapiga king'ora. Kila hatua na mpangilio wake. Bosi wa kwenye redio akafoka, Bwana Haraka akamjibu kwa sauti, "Hapana, hapa hatufungui!" Watu wakapiga makofi. Makofi! Mama Filimbi naye kapiga.

Nilihisi damu imepanda mpaka machoni. Kumbe anajua. Anajua kila kitu cha kufanya. Alikuwa anajua siku ile! Nilidhani ni mjinga mwenye haraka, nikamtegea mtego wa mjinga. Nilishika kiti cha mbele yangu, nikawa napiga hesabu ni viti vingapi kati yangu na shingo yake.

Makofi yakamlevya. Hakukaa. Akawageukia wageni, akaanza kufundisha. Kijana wetu amejitahidi, ila pana kosa dogo. Akanyoosha kidole kwenye skrini, kwa yule mtu mbele ya vali.

"Huyu hakusimama hivi. Alichutama. Akageuka, akanipungia mkono kuuliza, halafu ndipo akafungua."

Akaendelea na maneno mengine, sijui yapi. Mimi nimebaki pale. Akanipungia. *Ni*. Silabi moja.

Yule mama wa makao makuu akarudisha mguu kwenye kiatu, polepole. Akauliza kwa upole, kama anauliza njia: "Alikupungia wewe?"

Bwana Haraka akaiweka padi mezani.

"Kwa sababu nimesoma ripoti kwenye helikopta. Inasema ulikuwa ofisini."

Nimesema namna ya kusema tu, alijibu. Ni mfano. Mpishi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, vikombe vinagongana. Masharubu ya Bwana Haraka yakawa yanacheza yenyewe.

Na mimi? Nilisubiri furaha ije. Kilichokuja ni shemeji, amechutama, anageuka, anapunga mkono. Alikuwa anauliza! Alimwona mtu amesimama pale, akamwamini. Hilo hatukulijua, si mimi, si dada, wala yeye mwenyewe. Sasa ninalo, na sijui nitamwambiaje.

Wamejifungia na Bwana Haraka muda mrefu. Kisha wakaniita. Yule mama akaniuliza swali moja tu. Kwamba bwana huyu anasema gemu hili ni chuki ya shemeji mtu, nimelitengeneza kumwinda yeye, na kila kilichotoka humo ni hila. Je, nililitengeneza kwa ajili ya usalama au kwa ajili yake?

Bwana Haraka ameketi pale, ananitazama. Mama Filimbi yuko pembeni, filimbi ameikamata mkononi. Yeye aliyaona masharubu.

Nikisema usalama, nimeongopa, na Mama Filimbi atalazimika kuongopa pamoja nami — au kunikana. Nikisema kwa ajili yake, wataniuliza tena majeruhi ni nani yangu, na kalamu zitafungwa kama mwanzo.

Nikaomba maji. Nikaomba nitoke kidogo. Yule mama akasema toka, pumua, lakini jibu nalitaka leo.

Nampigia dada, hapokei. Bora. Angesema nini?

Kupitia kioo namwona Bwana Haraka kwa nyuma. Ameinua mkono wa kulia, anawaeleza kitu, anaupunga. Anaupunga kabisa, hivi na hivi, anawaonyesha jinsi shemeji alivyofanya — au anakana, sijui, sisikii. Ninachotaka ni kuingia niushike ule mkono niukunje kidole kimoja kimoja. Bado ndicho ninachotaka. Basi jibu ninalo.

Mlango umefunguliwa. Mama Filimbi. Ananiambia njoo, mwanangu, wanakusubiri. Ananong'ona: sema kweli, na mimi nitasema yangu.

Kweli ipi, mama? Zipo mbili: nilimwinda, na alikuwepo pale. Naingia na zote mbili.