Lenzi ya Kevo

Jumamosi

Kevo alijua. Tumefanya kazi naye studio moja hapa mtaani Free Area, hawezi kuniambia hakujua. Jana aliponiuzia lenzi yake alisema, "Inaingia tu, boss." Kweli imeingia. Lakini ni ya kamera za sensor ndogo, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Kamera yangu mpya ina sensor kubwa, na picha ya lenzi hiyo haifiki pembeni. Na mimi sikuijaribu.

Leo kwenye ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, wanawake walipanga laini wamefunikwa leso ili bwana harusi amtambue mchumba wake. Picha zote zimetoka na pembe nyeusi. Shangazi aliyesimama mwisho amepotea kabisa, na ashaanza kuuliza nani alinituma nimtoe kwenye picha.

Nilimpigia Kevo. Hakuuliza picha zimeharibika vipi. Aliuliza harusi yenyewe ni lini, na kama washatafuta mpiga picha mwingine.