Jicho Lililohama

Marahaba, mjukuu wangu Elineema. Hapa Bombo tu wazima. Mvua imenyesha na mama yako amepanda maharage.

Nimeisoma habari ya samaki bapa uliyemwona huko pwani ya baridi unakosoma. Umesema huanguliwa na jicho kila upande, kama perege wetu wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Akikua, jicho moja linahamia upande wa pili, naye analala ubavu mchangani. Hadi hapo nilifurahi. Kisha ukaniuliza, "Bibi, alimkosea nini Mungu?"

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Nani kakufundisha kuuliza hivyo?

Mdogo wangu Nakiete aliota meno ya juu kabla ya ya chini. Zamani huku kwetu mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mkosi wa ukoo, na hakuachwa aishi. Nilikuwepo uani mabibi wa ukoo walipoingia wakamwuliza mama swali lako hilohilo: "Umekosa nini?"

Mama alimfunua Nakiete mdomo mbele yao. "Tazameni vizuri. Ni meno. Yamekuja kula." Kisha akawafungulia lango watoke.

Samaki yule hana kosa. Jicho la chini lingeona mchanga tu, ndiyo maana likapanda juu kwenye mwanga. Swali lile usimwulize tena mtu, wala samaki.

Bibi yako Nakiete anakusalimu. Mimi meno yangu yameng'oka. Yake ya juu yapo yote, na sasa hivi anamenyea muwa mlangoni kwangu.