Salamu Zilizokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Ndosho, Goma
Jumapili, baada ya misa

Kwako Papa yangu mpenzi,

Amashyo, Papa. Nakutakia makundi ya ng'ombe, kama ulivyonitakia wewe tangu nilipojua kuitikia, ijapokuwa sote wawili tunajua ng'ombe wetu waliishia kwenye sufuria za watu wenye bunduki. Itikia hivyo hivyo. Mtu haachi salamu kwa sababu zizi ni tupu.

Umeamkaje huko? Lile jicho la kushoto, lililobaki, bado linaona kivuli tu? Mguu je, na kikohozi cha mvua? Nyumba mlishairudishia mabati, ao bado mnalala chini ya shitingi, turubai lile mlilopanda nalo kutoka kambini? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nakwenda kituo cha afya kila asubuhi, nawadunga watu sindano na wananilaani kama kawaida. Ukitaka habari za moyo, katekista aendelee kukusomea, maana najua ni yeye aliyeshika karatasi hii. Katekista, jambo kwako. Tafadhali soma polepole na usiruke kitu, hata pale utakapomhurumia.

Barua nimempa yule mama anayepanda hadi soko la kwenu kununua jibini. Ameifunga pamoja na vitambaa vyake vya kazi, kwa hiyo ikinuka maziwa usinilaumu mimi.

Sasa, Papa, habari yenyewe. Nimeshindwa mtihani. Nilitaka kukuficha, lakini mama wa jibini aliniambia kwamba ulisimama kanisani ukatangaza binti yako anakwenda ng'ambo kusomea uuguzi wa juu, na kwamba watu walipiga makofi. Waambie haendi. Ile shule ilinipa nafasi kwa sharti moja, nilete cheti cha Kiingereza kabla mwezi huu haujaisha. Mtihani mwingine kabla ya hapo haupo. Mlango umefungwa, na sioni mwingine.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani nilicheza.

Mtihani una sehemu nne. Kusoma na kusikiliza havikunitisha. Kusema na kuandika ndivyo vilivyonipeleka Mabanga, kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa sekondari, sasa anafundisha watu wa mitihani katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya washonaji. Watu wote wanamwita Ticha. Miezi minne, kila alasiri nikitoka kazini, niko pale, cherehani zinapiga kelele upande wa pili wa ukuta wa mbao na mimi napiga Kiingereza upande huu. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, nikiwa juu ya pikipiki. Siku moja dereva alisimama kabisa kando ya barabara, akageuka.

"Dada, uko unasali?"

"Hapana, niko najifunza Kingereza."

"Basi ongeza na sala kidogo, juu ile Kingereza yako inaniogopesha."

Nilicheka mpaka nikasahau neno nililokuwa nalitafuta. Bado nilikuwa mtu wa kucheka wakati ule.

Sehemu ya kusema ni hivi: unapewa kikaratasi chenye jambo la kueleza, unafikiri dakika moja, kisha unasema dakika mbili bila kusimama. Eleza chombo cha umeme mnachokipenda nyumbani. Nilieleza taa, na namna tunavyokaa kuingoja iwake. Eleza safari ambayo hutaisahau. Nikaeleza ile siku tuliyoshuka kwa miguu kutoka kilimani hadi Sake, wewe na godoro kichwani, shangazi na kuku wawili kwenye kikapu, na yule mmoja aliyetaga humo humo ndani. Nilisema vizuri sana, Papa, sikukwama hata kidogo. Ticha alivua miwani.

"Solange mutoto yangu, iko bien. Lakini banataka safari ya kufurahisha. Ya congé, ya likizo."

"Lakini lile yai tulilikula, Ticha. Tulifurahi."

Alivaa miwani tena, akaniambia nibuni ziwa na mashua. Nikabuni.

Lakini kilichotugombanisha hasa ni barua. Katika sehemu ya kuandika wanakuagiza barua ya maneno mia moja na hamsini, kwa dakika ishirini. Niliposikia hivyo nilijisifu moyoni. Mimi, binti wa mtu aliyewaandikia barua watu wa kilima kizima! Nani aliyekaa chini ya meza yako akisikia kila mama akitaja majina ya kusalimiwa? Nani aliyekuwa anakuhesabia kwa vidole, usije ukamsahau mtu? Barua ya kwanza ya mazoezi ilikuwa ya kumwomba rafiki anitafutie chumba cha kupanga. Niliandika kwa moyo wote. Dakika ishirini zilipokwisha nilikuwa nimewasalimu wazazi wake, mama yake wa ubatizo na majirani wa pande zote mbili, nikauliza mvua na mavuno. Chumba nilikuwa sijakigusa.

Ticha alichukua kalamu nyekundu. Alianza juu akateremka nayo mpaka chini, mstari mmoja mrefu.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema, "lakini weye unataka kujaza pipa mbele ya kusema neno. Hii yote ya nini? Ingia directement."

"Ticha, siwezi kuwaacha."

"Kuwaacha bani? Hawa batu hata hawaishi. Ni exercice!"

Nilimweleza desturi yetu. Kwetu, mtu akikosekana kwenye salamu za barua, msomaji anauliza mara moja: mmegombana, ao amekufa? Nilimsimulia habari za yule kijana aliyekuwa kwenye machimbo ya Walikale, ambaye wewe uliruka jina la mjomba wake kwa sababu karatasi ilikwisha, na kijana akaja kwa miguu siku tano, kichwa kimenyolewa, kuja kulia msiba, akamkuta mjomba anakula maharage. Ticha alicheka mpaka washonaji wakagonga ubao. Kisha akaacha kucheka.

"Sikia. Mwenye kusahihisha hatakuja kulia kwako. Yeye anahesabu point. Kata."

Nikajifunza kukata. Ilinichukua wiki saba. Mwanzoni nilikuwa naandika salamu kwenye karatasi ya pembeni, kisha naiweka mfukoni ndipo naanza barua yenyewe. Baadaye hata hiyo karatasi sikuihitaji tena. Ticha akafurahi. Mimi nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona mwizi.

Wiki moja kabla ya mtihani, mama wa jibini akaniletea barua yako, ile iliyoandikwa kwa mkono wa katekista. Nilifurahi kama mtoto. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Jirani wa juu anakusalimia. Mama yako wa ubatizo anakusalimia. Mjomba na wanawe wanakusalimia. Papa yako anakusalimia. Nikafika mwisho.

Nikarudi juu, nikasoma tena. Nilisoma mara tatu, nikaigeuza nyuma, nikatazama na ndani ya bahasha. Shangazi hakuwemo.

Nilijiambia katekista haijui vizuri kazi yako. Nikajiambia karatasi ilikwisha, kama ya Walikale. Lakini chini ya karatasi ile, Papa, palibaki nafasi ya vidole vinne. Mama wa jibini nilimuuliza, akasema yeye anaishia sokoni, hapandi hadi kwetu juu. Alisema hivyo akiwa anafunga mizigo yake, na mizigo ilikuwa imeshafungwa.

Sikukuandikia kukuuliza. Nilisema moyoni, nimalize mtihani kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Basi nikavuka mpaka, nikapanda basi hadi Kigali. Kwenye kuandika walituagiza barua kwa jamaa ambaye hamjaonana siku nyingi, kumweleza kwamba hutaweza kufika kwenye sherehe yake. Niliingia moja kwa moja kama alivyotaka Ticha. Sikumuuliza huyo jamaa hata kama yu mzima. Sikumsalimu mtu yeyote. Nilimaliza dakika nne kabla ya wenzangu, nikakaa natazama mikono yangu.

Kusema kukawa alasiri. Mtahini alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, ana sauti ya kubembeleza. Akanipa kikaratasi: eleza mtu aliyekusaidia ulipokuwa mtoto. Papa, ni jibu nililokuwa nalo miezi yote minne! Nilieleza jinsi mama alivyofariki nikiwa sijaota meno yote, na jinsi shangazi alivyonichukua, akanibeba mgongoni huku anakamua, mpaka ng'ombe wakazoea harufu yangu. Nilieleza alivyouza nguo yake ya sikukuu ili nipate sare ya shule ya uuguzi. Nilieleza kuku na yai. Dakika mbili zikapita vizuri, na yule mama akawa anatabasamu. Kisha akauliza swali fupi, swali la kuongezea tu, ambalo hata mtoto wa mwaka wa kwanza angelijibu.

"Na sasa, shangazi yako anaishi wapi?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Alidhani sikusikia, akauliza tena polepole. Kiingereza nilikuwa nacho, Papa, maneno yote yalikuwa yamepangwa pale mdomoni. Nilichokosa ni kujua. Ningesema yuko kilimani, na moyo ungeniita mwongo. Ningesema amekwenda kwa Bwana, basi ningemzika mimi mwenyewe mbele ya mgeni, kwa lugha asiyoijua, bila mtu wa kunishika mkono. Nikanyamaza. Aliuliza mengine, nikawa najibu neno moja moja, ndiyo, hapana, sijui, mpaka akazima kinasa sauti na kunishukuru.

Majibu yalikuja kwenye simu, niko kazini. Kusoma nimepita. Kusikiliza nimepita. Kuandika nimepita, na kwa alama nzuri. Kusema nimekosa nusu alama. Ticha nilipomwonyesha alikaa juu ya kiti cha fundi. Kisha akasema, "Nusu, mutoto yangu. Nusu tu." Akalirudia neno hilo mpaka nikamwonea huruma yeye. Nilimwandikia mkubwa wa ile shule nikaomba wanisogezee siku. Wamejibu mistari miwili. Walianza na la kwao moja kwa moja, hata jambo ya salamu hawakuniambia, na mimi sikushangaa, kwa sababu sasa najua wamefundishwa.

Usiniambie kwamba Mungu atafungua mlango mwingine. Nimechoka na milango. Hapa mjini, tangu wenye bunduki waingie, benki zimefunga, ndege haziruki, mshahara wa kituo tunausikia kwenye habari tu. Wenzangu watatu wa darasa la Ticha wamekata tamaa kabla yangu, mmoja sasa anauza mkaa njia ya Kibati na ananiambia Kiingereza chake anawapigia wateja ili wacheke. Mimi nitaendelea kudunga sindano. Madaftari ya Kiingereza nimempa jirani awashie moto, mafiga ya huku hayachagui kuni. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi hata sina nguvu ya kuinama kutazama yalikoingia.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, ile uliyonifundisha chini ya meza. Hapa hakuna kalamu nyekundu.

Msalimie sana jirani wa juu, aliyetuazima jembe na hatujarudisha. Msalimie mama yangu wa ubatizo, mwambie rozari yake ninayo. Msalimie mjomba na wanawe wote, mkubwa, wa kati na yule mkorofi. Msalimie mlinzi wa kanisa, na mkewe, na mtoto wao aliyezaliwa kambini. Zizi pia lisalimie, usiku lisijione limesahauliwa.

Msalimie shangazi. Nimemwandika, Papa, kwa mkono wangu mwenyewe, na sitamfuta. Mwambie yule mama wa Kigali aliuliza anaishi wapi.

Ukinijibu, najua karatasi ni shida huko, na katekista ana kazi zake. Kama haitoshi, mwambie akate. Akate mvua, akate mavuno, akate hata pole ya mtihani. Aniandikie mistari miwili tu. Wa kwanza: shangazi yako anakusalimia. Kama huo hauandikiki, auache wazi, nitaelewa, nimeshajifunza kusoma hivyo. Lakini wa pili, Papa, hata kalamu ikikauka, auandike kwa mkaa: papa yako anakusalimia.

Ni mimi, binti yako ambaye haendi popote,

Solange