Kamshafti ya Gari la Harusi

Jumanne, Guangzhou

Miguu imekufa ganzi. Asubuhi nguo za jumla pale Zhanxi, halafu mchana wote kwenye maduka ya vipuri, kwa ajili ya mdogo wangu Elia na lile gari lake la zamani la Kimarekani analolikodisha kwa maharusi huko Moshi.

Anataka kamshafti kali, kile chuma cha ndani ya injini kinachofungua na kufunga vali. "Dada, nataka hiyo injini ya V8 ingurume mtaa mzima wasikie."

Mwenye duka, laoban wa makamo, aliweka mbili mezani, kali na ya upole, akaniuliza kwa simu inayotafsiri: gari linafanya kazi gani? Nikamwambia linambeba bibi harusi nyuma ya matarumbeta, kwa mwendo wa watu wanaotembea. Akaisogeza ile kali pembeni. Hiyo inataka mbio, akasema. Kwa mwendo huo injini itatetemeka na kuzimika kila mara.

Nikampigia Elia. Akabisha, akanuna, akakata simu. Sikuwa na nguvu ya kubembeleza. Nimechukua ile ya upole.

Sasa nimekaa kitandani na hicho chuma miguuni, nawaza. Gari ni lake. Atasema nimemharibia, na labda kweli nime...

Lakini harusi ya kwanza gari likishafungwa kamshafti hii ni ya Neema, binti yangu, Desemba. Mimi nitakuwa bado huku na mizigo ya watu. Elia ameahidi kuniwekea simu hewani dirishani mwa gari njia nzima.

Nataka nisikie matarumbeta, si injini.