Pale Ulipopanda Miti

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko na za kazi. Sisi hatujambo, ila Baba anasukuma siku tu. Nakuandikia kwa sababu yeye ndiye ameamua hivyo. Anasema mimi na wewe tukipigiana simu tunabweka, na mtu akiandika walau anapata nafasi ya kumeza mate. Haya, nimemeza.

Hiyo kompyuta uliyoileta kwa mbwembwe, na gemu lake la kurusha ndege, inamtesa mzee. Ulikaa kitandani kwake ukamwambia, "Baba, umeendesha gari la zimamoto pale uwanja wa ndege tulipokuwa tukiishi maisha yako yote na hukupanda ndege hata siku moja. Sasa utarusha mwenyewe, na utatua palepale petu, kama palivyokuwa kabla hawajavunja na kujenga maghala." Alifurahi kama kijana aliyekubaliwa posa. Sasa kila jioni namkalisha kitini, anaruka vizuri, anavuka mto, anaifuata barabara kuu, na uwanja ukianza tu kuonekana, gemu linajifunga lenyewe. Kioo kinarudi kwenye ile picha ya maua. Hakuna maelezo wala samahani. Jana alirusha ule mkono wa kuendeshea ukagonga kabati.

Daktari alichosema kuhusu presha ya macho unakijua. Kinachopotea hakirudi, na kinapotea haraka. Baba anataka kupaona nyumbani kabla macho hayajafunga duka, ndivyo anavyosema yeye. Wewe ndiye fundi kompyuta wa ukoo huu. Tengeneza.

Kaka yako

6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yangu. Mimi mzima, dukani kumejaa mashine za watu, na bado nimekaa kukujibu wewe kwanza, ingawa barua yako haikuwa na tone la adabu.

Mashine haina ubaya, niliiunda kwa mikono yangu. Fanya haya, moja kwanza, ujaribu, ndipo ufanye la pili. Toa kitambaa cha kufuma ambacho najua shemeji ameshaifunika nacho, maana hata pasi angeifunika. Kompyuta inahitaji kupumua, ikipata joto inasalimu amri. Kisha weka draiva mpya, ile programu inayoiendesha kadi ya picha, nimekuambatishia. Kisha shusha ubora wa picha hadi wa kati.

Na swali moja. Umeongeza kitu chochote kwenye gemu? Uwanja wetu nilioutengeneza mimi ndio nyongeza pekee niliyoiacha humo.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Kitambaa kimetoka na mke wangu amenuna. Draiva imeingia. Ubora wa picha nimeushusha mpaka mawingu yamekuwa kama magodoro. Gemu linajifunga palepale, uwanja ukichungulia tu. Baba ameacha kurusha vitu, sasa anakwenda kulala tu, na mimi heri ningeona anarusha.

Sijaongeza kitu. Nimerekebisha tu palipostahili kurekebishwa, na hayo hayahusiani na ubovu wa mashine yako. Usinihoji kama mteja wako wa mtaani. Mimi ni mchora ramani za majengo, kompyuta naitumia tangu wewe unavaa kaptula.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Baba alitufundisha, usidhani umeistahili.

Nimekutumia kwa basi kipande kipya cha kumbukumbu, kile kinachochomekwa ndani pembeni ya feni. Kichomeke. Kisha mwambie Baba atue uwanja mwingine wowote, si wetu. Gemu likijifunga na huko, kosa ni la mashine na nitakuja mwenyewe kuichukua. Lisipojifunga, kosa liko kwenye uwanja wetu, na uwanja wetu hapa kwangu unafunguka bila tatizo, nimetua humo jana.

Umesema umerekebisha. Umerekebisha nini? Fungua folda ya nyongeza, ipige picha, nitumie.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo. Kipande nimekichomeka. Baba ametua viwanja vitatu vya watu, vyote salama, anashusha ndege taratibu kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu. Kwenye kila uwanja ameniuliza, "Hapa ni kwa nani?"

Picha ya folda hii hapa, usije ukasema naficha. Na jicho lake la kulia linaanza kumwonyesha vitu nusunusu. Kwa hiyo acha kunichunguza, tibu ugonjwa.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Leo shikamoo hupati.

Ndani ya folda mna viwanja viwili. Wangu, na mwingine uliouchora wewe, vyote viwili mahali pamoja, juu ya udongo uleule. Ndege ikikaribia, gemu halijui litandike upi, linachanganyikiwa, linajifunga. Huo ndio ugonjwa. Nilikuuliza kama umeongeza kitu ukaniambia hapana, kwa macho makavu. Umeniacha napapasa feni na kumbukumbu huku macho ya Baba yanazimika.

Nami nilikuomba picha tu, lakini wewe kwa kiburi chako ukaambatisha na uwanja wenyewe, nione ustadi. Nimeufungua. Nyumba ya mama yako ipo, upande wa tangi la maji, mpaka kamba ya kuanikia nguo umeiweka. Nikageuza ndege kutazama upande wa uzio, ilipokuwa nyumba yetu. Maegesho ya magari. Umechora na mistari myeupe. Mama yangu aliolewa mke wa pili, ndiyo, lakini aliolewa. Alipika, alifua, alimzika mtoto pale. Wewe umemfanya maegesho.

Futa uwanja wako. Ukiufuta tu, Baba atatua.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, nimeisikia.

Mtafute mwongo vizuri. Siku uliyoleta mashine, nilikuwa wa kwanza kukaa kwenye hicho kiti, Baba akiwa usingizini. Nikatua kwenye uwanja wako. Nikageuka upande wa tangi. Umepanda miti. Pale mama yangu alipozaa watoto wanne, wewe umeweka miti ya kijani ya bure, iliyokuja na gemu. Na ng'ambo, upande wa uzio, nyumba ya mama yako imesimama peke yake, ina pazia dirishani, imepakwa rangi ya samawati, kama vile Baba alikuwa na mke mmoja maisha yake yote.

Unajua nani alikulea mama yako alipolazwa? Huyo uliyempandia miti. Ulimwita Mama Mkubwa, ukila mkononi mwake. Nikasema sawa, wewe umepanda miti, mimi nitaegesha magari. Ndiyo, nilifanya makusudi. Viwanja viwili kugongana sikujua, hilo nakubali. Lakini sifuti. Futa wako wewe, ndiwe uliyeanza.

Na usiniandikie tena mpaka ujifunze mama zako walikuwa wangapi.

Kaka yako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Hujaandika, nami sikuandika. Tumeonyeshana ubabe, hongera zetu.

Jicho la kulia limezimika. Asubuhi alimimina chai pembeni ya kikombe, mezani, akaendelea kumimina. La kushoto linaona rangi na vivuli. Haulizi tena habari za ndege. Mke wangu ameirudishia kompyuta kitambaa chake, na safari hii sikumkataza.

Nakutumia nyumba ya mama yangu peke yake, bila uwanja. Iweke pale ulipopanda miti. Ya mama yako iache ilipo. Uwanja uwe mmoja. Ningefanya mwenyewe, lakini nikiharibu tena sitajisamehe.

Sijakusamehe na wewe, elewa hivyo.

Kaka yako

22 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Uwanja ni huu. Futa vyote viwili vya zamani, uweke huu peke yake. Nimeujaribu siku nzima dukani, wateja wakisubiri nje, haujajifunga hata mara moja. Miti nimeing'oa. Ile kamba ya kuanikia nguo nimeiacha. Nilikuwa nimesahau kwamba na nguo zetu zilianikwa hapo.

Ungesema ukweli siku ile ya kwanza, Baba angetua na macho yake mawili. Nalala na hasira hiyo na kuamka nayo.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba ametua.

Jana jioni nilimkalisha, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Mimi namsomea mwendo na kimo, yeye anashusha. Uwanja ukatokea, gemu halikujifunga. Magurudumu yakagusa. Akaanza kuizungusha ndege palepale chini, polepole. Nikamwambia, "Ile nyeupe, upande wa tangi, ni, kwa mama." Akaitikia. Nikamwambia, "Na ile samawati, upande wa uzio, ni kwa mama mdogo." Akaitikia. Nami nilidhani tumemaliza. Yeye akaendelea kuizungusha, duara zima, halafu la pili.

"Banda liko wapi?" akauliza.

Nikamuuliza banda gani.

"La gari langu la zimamoto."

Nikatazama, sikuliona. Wewe umeweka boksi la kijivu, mimi kwangu sikuweka hata boksi. Nikamweleza ukweli. Unajua Baba hana kawaida ya kupaza sauti. Aliipaza, mdogo wangu, mpaka jirani akaja mlangoni.

"Nikiwa sipo kwa mama yako, ukiambiwa niko kwa mama mdogo, ulidhani niko huko? Na mwenzako alipoambiwa niko kwa mama mkubwa? Nilikuwa bandani. Nililala kwenye kiti cha gari, kwa sababu nyumba zote mbili zilikuwa na kelele za nani kapewa nini. Mama zenu wenyewe walishaiacha kelele hiyo, ninyi mkaenda kuiokota. Jicho langu zima limekwisha ninyi mkigombea nyumba. Nyumbani kwangu mimi hakuna hata mmoja wenu aliyepajenga."

Kisha akasema nimzimie mashine.

Leo nimeanza kulichora hilo banda, nikakwama. Milango ilikuwa miwili au mitatu? Kengele ilining'inia ndani au nje? Wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea chai, mimi nilikuwa shule. Nimemuuliza Baba. Amesema kama hatukumbuki, tuulizane.

Kwa hiyo usiniandikie. Nipigie simu sasa hivi, ukiisoma hii, hata kama tutabweka. Anasema rangi nyekundu bado anaiona kidogo.

Kaka yako